Somo la Jiografia

Siku hizo kila somo la darasa la nne lilitolewa kichwani mwa mzazi na kutiwa kichwani mwa mtoto, na kwa mzazi halikurudi tena.

Nyamizi alikuwa ameshatoa hisabati na sayansi. Tangu hapo bintiye Kabula ndiye aliyemkumbusha kuchemsha maji ya kunywa. Asubuhi hiyo ilikuwa zamu ya jiografia.

"Umechoka, Mama Kabula," mwalimu alisema akimvika kofia ya nyaya. "Tuahirishe?"

"Hata kesho nitakuwa nimechoka, mwalimu. Washa tu."

Haikuuma. Nyamizi alipotoka getini na Kabula, alisimama. Mbele yake kulikuwa na barabara mbili, na zote zilikuwa ngeni.

"Kwetu ni wapi?"

"Huku, mama." Kabula alimshika mkono, akaanza kumtajia kwa furaha mito, milima na mikoa, kwa maneno yale yale aliyozoea kuyatumia mama yake.

"Muhula ujao tunapewa Kiswahili," akasema.

Mgongoni mwa Nyamizi, mtoto wake mchanga alianza kulia. Akambembeleza kwa kumwimbia, haraka haraka, kila wimbo alioujua.