Mpaka Uliofika Jikoni

Siku hizi mpaka wa hifadhi ya bahari hauchorwi na mtu. Unafuata viumbe. Matumbawe machanga yakishika mahali, hapo ni pao, na binadamu anahama. Majirani zetu hapa Faza wote wameshaondoka.

Mimi sitaki. Kila maji makubwa ya bamvua yakishakupwa nachemsha birika la maji, naumwagia ukuta wa jikoni pale bahari ilipofika. Nisibakize hata kiumbe kimoja hapo.

Leo mama mkwe wangu, Bi Mwanashee, alinishika mkono.

"Ngoja, mwanangu. Ukuta huu umejengwa kwa nini?"

"Kwa mawe, mama."

"Mawe gani?"

Nani asiyejua? Ni matumbawe, babu zake waliyavunja baharini yakiwa hai, wakayaanika juani mpaka yakawa meupe.

"Basi yamerudi kwao," alisema, akaenda kufungasha nguo zake ahame.

Nikauinamia ukuta na birika langu. Katika maji yaliyobaki chini yake, vidudu vya matumbawe machanga, vya rangi ya waridi, vilikuwa vimenyoosha vijikono vyao juu, kama mtoto anayetaka kubebwa.

Nilisimama hapo mpaka maji ya birika yakapoa.