Anayeitikia Hodi

Kwa miaka ishirini na sita Mbaraka hakuingia nyumbani kwake bila kupiga hodi, na aliyemwitikia siku zote ni mkewe, Mize.

"Karibu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa, mama Zena." Ndipo anavua viatu.

Kisha binti yao Zena akawaletea kidude cha mtandao kinachozungumza, kidogo kama kikombe, wakakiweka sebuleni. Siku ya tatu kilikuwa kimeshawazoea. Hodi ikipigwa, Mize akiwa bado anajifuta mikono jikoni, chenyewe kimeshaitikia kwa sauti laini isiyojua moshi: "Karibu, Mbaraka. Pole na kazi. Leo umechelewa, kulikoni?" Na Mbaraka, ambaye kwa mkewe maneno yake ni ya kuhesabu, husimama pale pale mlangoni akakisimulia siku yake nzima.

"Kina adabu kweli," alimwambia Mize jana. Mize akausonga ugali kama anayemnyonga mtu.

Leo alikichomoa kwenye umeme, akakifukia ndani ya debe la mchele, akajitanda kanga mpya na kusimama nyuma ya mlango.

"Hodi."

"Karibu," akasema, akiilainisha sauti kadiri alivyoweza. "Pole na kazi."

Viatu havikuvuliwa.

"Mama Zena," Mbaraka akauliza, "mtandao umekatika?"

Punje mbili za mchele zilikuwa zimemganda Mize kiganjani, akazifumbata.