Mashitaka ya Khole

Yaarub aliingia soko la wanawake la Ibra asubuhi ya Jumatano, siku ambayo wanaume wenye haya huishia kwenye magari yao. Wanawake walivuta mabuibui na kumpisha, wengine wakimlaani chini kwa chini. Hakujali. Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Rumaitha, muuza vitambaa, akamsukumia simu usoni.

"Soma! Soma ulichokifanya!"

Bi Rumaitha, jirani yao wa miaka yote, alirudi nyuma. "Kuna nini, mwanangu?"

"Usiniite mwanao. Umemshitaki dada yangu. Umewaambia wakubwa kwamba anafanya kazi na huku anapokea posho ya ulemavu. Sasa tumeitwa, leo hii, kabla ya adhuhuri. Husuda itakuueni nyie!"

Meza ya pili kutoka hapo, Khole, dada mwenyewe, alikuwa akitia bukhuri ya kufukizia nyumba kwenye vikopo. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha magurudumu, gurudumu moja limezungushiwa utepe mweusi ili lisitoke mpira. Miaka minne ilikuwa imepita tangu gari ya binamu yao ilipopinduka kwenye njia ya kwenda Sur. Binamu alitoka na mikwaruzo. Khole hakusimama tena.

Lakini hakukaa bure. Asubuhi tatu kwa wiki alipokea simu kwenye zahanati ya meno, na Jumatano alikuja hapa kuuza bukhuri aliyoichanganya kwa mikono yake, kwa leseni yenye jina lake.

"Kaka," alisema, "mwache Bi Rumaitha. Hana kosa."

"Hana kosa! Nani mwengine anayejua mambo yako?"

"Soko zima linayajua."

"Ndiyo maana nilikukataza! Nilikwambia tulia nyumbani, posho ipo. Hukusikia. Sasa wataikata."

Khole alifunika kopo la mwisho, akalibana mpaka vidole vikageuka rangi. "Nipeleke," alisema. "Na uingie na mimi mpaka ndani. Usiniache mlangoni."

Yaarub alimbeba akamtia garini kama alivyozoea, mkono mmoja chini ya magoti, mmoja mgongoni. Gari ilikuwa bado inanukia upya. Aliiondoa kwa nguvu mpaka kokoto zikaruka.

"Haki iko wapi?" alifoka, akimpigia honi kila aliyemkuta mbele. "Mtu akikaa wanamwita mvivu. Akijitafutia riziki wanamnyang'anya kidogo alichopewa. Wallahi leo nitawaambia! Mtu hana miguu, nyinyi mnamhesabia vikopo vya bukhuri?"

Khole alikuwa akitazama vilima vya mawe nje ya dirisha.

"Sikiliza," Yaarub alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Wakikuuliza, hufanyi kazi. Zahanati unakwenda kuwatembelea tu. Bukhuri ni ya mke wangu, wewe unamshikia meza."

"Unataka niseme uongo."

"Nataka usitutie shimoni! Nani aliyekimbizana na fomu ulipokuwa umelala hospitali? Nani aliyetia saini kila karatasi? Nani aliyelala ukumbini miezi miwili, juu ya mkeka?"

"Wewe, kaka."

"Basi!"

"Sijasahau," alisema Khole. "Ndiyo maana nimechelewa sana."

"Hatujachelewa. Saa nne tu." Akamtazama. Mikono ya Khole ilikuwa imekunjwa ngumi juu ya mapaja, na mdomo umefumbwa. Yaarub alimhurumia. "Usiogope. Niachie mimi niseme."

Kwenye ofisi ya posho walipokelewa na mwanamke kijana, Ghada kwa jina lake, aliyewaanza kwa Kiarabu. Alipowasikia wakinong'onezana aligeuza akazungumza Kiswahili, kile cha bibi yake.

"Karibuni. Ukhti Khole, nafasi inatosha hapo? Niondoe hiki kiti?"

Yaarub hakungoja. Alipiga meza kwa kiganja.

"Dada yangu hafanyi kazi! Aliyekuleteeni maneno haya ni hasidi, na mimi namjua. Mtu kama huyu, mnaona alivyo, mnamwita hapa kama mwizi? Hamna haya?"

Watu waliokuwa wakisubiri wakageuka. Mzee mmoja mwenye magongo alitikisa kichwa kumuunga mkono.

Ghada alisubiri mpaka akamaliza.

"Anafanya kazi," alisema. "Zahanati, masaa manne, siku tatu. Na biashara ndogo. Aliyatangaza yote mawili mwenyewe mwezi uliopita, na karatasi zake zimekamilika. Hatukukuiteni kwa hilo."

Yaarub alibaki na mkono juu ya meza. Kisha akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo.

"Alhamdulillahi. Sasa mmetuitia nini?"

"Kuna malalamiko mengine." Ghada aligeuza kioo cha kompyuta kumwelekea. "Yanasema kwamba mwenye posho hajatia mkononi hata baisa moja kwa miaka mitatu. Kadi ya benki anayo mtu mwengine, na kila akiulizwa hujibu kwamba pesa bado hazijaingia."

Yaarub aliruka kwa ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake.

"Uongo! Nani aliyethubutu kuandika haya? Nitajie jina lake!"

Ghada alimtazama Khole.

"Mimi," alisema Khole. "Itoe kadi."