Maji Yasiyodondoka

"Fundi, nikijaza maji kwenye rejeta asubuhi, jioni hayapo. Na chini hapadondoki hata tone."

Benigna aliacha kufuta mikono, akamtazama dereva, kisha lori lake. Ni maneno yaleyale ya kaka yake kuhusu lori hilihili, kabla halijamzimikia mlimani, likarudi nyuma na kumkanyaga aliporuka. Msibani, tajiri mwenye lori alisema marehemu alikuwa mzembe, hakuangalia maji.

Alikifungua kipoozeo cha moshi unaorudishwa kwenye injini, ambamo maji ya rejeta hupita. Akakiziba, akakizamisha kwenye beseni la maji, akakijaza upepo.

Viputo vikapanda, vidogo, vikifuatana polepole kama pumzi za mtu aliyelala. Ufa ulikuwa ndani kabisa. Injini ilikuwa ikiyanywa maji na kuyatoa na moshi.

"Dada, mbona unalia?" dereva aliuliza.

Simu ya dereva ikaita. Sauti ya tajiri ilisikika gereji nzima: "Mwambie fundi afunge hivyohivyo! Mahindi yanasubiriwa Tunduru."

Benigna aliichukua ile simu.

"Shikamoo, mzee. Mimi ni mdogo wake yule dereva wako wa kwanza. Njoo hapa Mjimwema. Kipoozeo hiki kilichopasuka sikitoi kwenye maji mpaka ukione kwa macho yako."

Akamrudishia dereva simu. Viputo viliendelea kupanda.