Glavu ya Pili

Kozi yetu ya kutengeneza tovuti ina glavu mbili. Moja navaa mimi, ya pili anavaa mtu wa nyumbani. Nikikosea, yeye ndiye anayevunjwa kidole. Ndiyo sheria, wanasema ukiona wa kwenu anaumia utajifunza haraka.

Kwetu tuko wawili tu, kwa hiyo alivaa Mama, mkono wa kushoto.

Juzi niliweka picha kubwa kuliko ukurasa. Glavu ya Mama ikajikaza, kidole chake cha mwisho kikalia kama muwa unaovunjwa. Akaangukia beseni la vyombo.

"Unaniangalia nini?" akanifokea. "Tovuti iko usoni kwangu? Endelea!"

Jana nilisahau kuunganisha kitufe, kikavunjika kidole chake cha pili. Mama Shamimu, jirani yetu, akachungulia dirishani, akacheka. "Mwenzangu, mimi nimebaki na dole gumba tu. Lakini wangu ana kazi!"

Leo ulikuwa mtihani. Nilipanga menyu, picha na vitufe, nikahifadhi. Skrini ikaandika: UMEFAULU.

Nikamkumbatia Mama huku nalia, nikamvua glavu. Mkono umevimba kama andazi.

Yeye hakulia. Aliifuta damu kwa kanga, akanivisha mimi ile glavu. Kisha akavaa yangu mkono wa kulia, akakaa kwenye kiti changu.

"Na mimi nimejiandikisha, mwanangu. Nataka kazi."

Mama hajawahi kugusa kompyuta. Somo la kwanza likafunguka.

"Haya, nabonyeza wapi?" akaniuliza.

Aliyevaa glavu ya pili haruhusiwi kujibu.