Msiba Usio na Maiti

"Sasa maiti iko wapi?" Hogla aliuliza, akichungulia nyuma ya mlango kana kwamba Gadiyo ameificha huko.

"Hakuna maiti."

"Ala! Mzee wangu, tumeacha mikate jikoni tukaja mbio. Tulie nini, kitunguu?"

Gadiyo alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo; upande wa pili aliuweka akiba kwa watu wa maana. Hogla na wanawake wake ndio waliowalilia wafu wa Samaria, na sauti zao zilivuka bonde. Leo aliwataka wamfunike sauti mtu mmoja tu: Bera, mkamua zeituni aliyejiita nabii.

Tangu mavuno ya shayiri, Bera alisimama langoni kila asubuhi, kanzu imelowa mafuta, akiuimbia mji mbolezi, nyimbo za msiba, ilhali mji uko hai na unakula. "Samaria amelala! Nani atamfumba macho?" Watu walimpita wakanunua vitunguu vyao. Wasikilizaji wake walikuwa kiziwi na mbwa, na mbwa naye alishaanza kuchoka.

Siku nyingine Gadiyo angemwacha abweke. Lakini leo mjumbe wa mfalme alikuwa njiani, aje amkalishe Gadiyo kwenye kiti cha mwamuzi wa lango, kiti cha mawe alichokimezea mate miaka yote ambayo mwamuzi wa zamani alikataa kufa. Mjumbe angekuta mji unaombolezwa mbele ya kiti chenyewe, angegeuza nyumbu akarudi.

"Si umpige tu?" Hogla akauliza.

"Nabii akipigwa anapata wafuasi. Huyu nataka apate kelele; mjumbe atadhani ni msiba wa kawaida tu."

"Lakini sisi hatujui kulia kwa mzaha, baba. Tuna kilio kimoja tu, cha kazi."

"Hichohicho."

"Na mwenye msiba ni nani? Sharti awepo."

"Aliyewaita ni mimi, au siyo? Mwanamke, maswali yako yanachosha kuliko huyo nabii."

"Basi imetosha," akasema Hogla, akavua mtandio, akazifumua nywele.

Nyumbu wa mjumbe walipoonekana wakipanda kilima, wanawake walikuwa wameshajipanga langoni. Bera alikohoa, akafungua kinywa. "Samaria ame..."

Hogla akapasua anga. Wenzake wakakipokea kilio, wakakipandisha juu ya ukuta, wakakimwaga upande wa pili.

Bera akabaki mdomo wazi kama samaki sokoni. Gadiyo alicheka hadi akaegemea ukuta. Lo! Nabii gani huyu, anayezidiwa kinywa na bibi mmoja?

Ndipo mwokaji alipotokea mbio, mikono ina unga, kanzu ameirarua kifuani. Nyuma yake wafumaji, nyuma yao wauza vitunguu, kisha mke wa Gadiyo mwenyewe, majivu hadi kwenye nyusi. Samaria hakuna aliyewahi kumsikia Hogla akaanza kwa kuuliza. Unararua kwanza, utauliza ukifika.

"Rudini makwenu!" Gadiyo akapaza sauti. Nani amsikie? Kelele alizoagiza zilikuwa kelele za kweli.

Mjumbe alifika, akashuka kwenye nyumbu, na kwa kuwa alilelewa vizuri, naye akararua joho alilopewa na mfalme. Kilio kikashuka kwa heshima.

"Mwenye msiba ni nani?"

Hogla akaelekeza kwa kidevu.

"Pole sana, ndugu yangu," mjumbe akamwambia Gadiyo. "Nami nilikuja kukukalisha kitini!"

Wanaume wawili wakamshika viwiko kwa upole mwingi, wakamkalisha chini, mahali pa mfiwa. Mtu akammiminia majivu kichwani, kwa mapenzi tu.

"Umefiwa na nani?"

Gadiyo alilitazama joho la mfalme, limechanika hadi kiunoni. Aseme hajafa mtu? Shingo yake aliipenda. Ataje aliye hai? Jamaa zake wote wako hapa, na mawe langoni hayakuwa haba.

Bera akachuchumaa kando yake na kipande cha mkate wa matanga, kinanuka zeituni.

"Sema tu, mzee," akamnong'oneza. "Mimi hawanisikii."

Lango lote likainama kumsikiliza. Hata mbwa alisimamisha masikio.

"Samaria," akasema Gadiyo.

Na mji mzima ukaangua kilio.