Mpaka wa Chumba cha Uani

Kisheria, chumba cha uani cha Mwinshehe kilikuwa nchi ya kigeni, na mkewe Hidaya hakuwa na viza ya kuingia.

Humo ndani, papo hapo Morogoro, Mwinshehe aliendesha kwa mtandao mashine za kuchuma matufaha ng'ambo. Angevuka kizingiti kabla ya miaka mitano kwisha, kibali chake kingefutwa. Binti yao Mwanahawa alizaliwa mlango ukiwa umeshafungwa.

Mwaka wa tatu sheria mpya iliruhusu familia za wafanyakazi wageni kuwatembelea. Hidaya aliomba siku hiyohiyo.

"Wakikunyima?" Mwinshehe aliuliza kupitia mlango.

"Baba Mwanahawa, nitaolewa na jirani. Yeye hana mpaka."

"Jirani anakoroma."

"Na wewe ulikuwa unaimba?"

Viza zilitoka Ijumaa, za siku thelathini. Mlango ulipofunguliwa, Mwinshehe alipiga magoti, akakunjua mikono. Mtoto alimpita, akauamkia mlango kama alivyozoeshwa kila asubuhi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba," Mwinshehe akaitikia nyuma yake.

Mtoto aliijua sauti. Akageuka, akamjia taratibu.

Miaka mitatu ilikuwa imekula Idi sita, mazishi ya mama yake Mwinshehe, na hatua zote za kwanza za mtoto huyo.